Anayepokea simu ya kituo cha afya atuambie yeye ni nani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita.

Ilikuwa kama saa nne usiku, mwanangu wa mwaka na nusu, kilo 10, kachemka homa, mvua inanyesha, bodaboda hakuna, nikapiga simu kituo binafsi ambako huwa tunatibiwa. Akapokea dada mmoja, kaniongelesha vizuri tu, ila sijamaliza hata kujieleza akaniambia mpe paracetamol ya maji vijiko viwili, asubuhi umlete. Basi. Hakuuliza umri, hakuuliza uzito, ananyonya au hanyonyi, kashapewa dawa gani. Nikashukuru nikakata.

Nikaenda kumgongea jirani, nesi mstaafu, niazime kijiko cha kupimia, akaniuliza: hiyo chupa yako imeandikwa ngapi? Nikarudi kumulika na tochi ya simu, 250 mg kwa mililita 5. Mama wa watu akashtuka! Akanielewesha kwamba kuna za 120 na kuna za 250, ukiziangalia sharubati ni ile ile, na mtoto anapimiwa kwa uzito, mg 10 mpaka 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne ndani ya masaa 24. Yani vijiko viwili vya chupa yangu ni mg 500, wakati mwanangu mwisho wake ni 150, ambayo ni mililita 3 tu. Alafu mchana nilishampa dawa ya mafua, kumbe nayo ina paracetamol ndani, afadhali masaa nane yalikuwa yamepita. Dawa hii ikizidi inaua ini, na mimi nilikuwa naenda kuizidisha kwa mkono wangu mwenyewe huku nikiamini nimeongea na daktari.

Asubuhi kipimo kikaonyesha malaria, akaanzishiwa dawa mseto, sasa anacheza. Nikauliza nani alipokea simu usiku ule, nikaambiwa ni wa mapokezi, kazi yake kufungua mafaili na kupokea hela. Yule binti simlaumu, kaachiwa simu peke yake na hakuna aliyemfundisha kusema "subiri nikuitie nesi". Nawalaumu waliomweka pale.

Ninachoomba sio kikubwa. Anayepokea ataje jina na kazi yake, na kama sio mtabibu asitaje dawa, achukue namba ili nesi au daktari apige. Mtoto akiwa hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au kapata degedege, au kalegea haamki vizuri, hapo hakuna ushauri wa simu, mzazi aambiwe aje sasa hivi. Na ushauri uandikwe kwenye daftari, kesho likitokea la kutokea ijulikane nani alisema nini. Wazazi wenzangu, kabla hujapiga shika chupa mkononi usome namba zake, na ujue kilo za mwanao.

Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199. Mimi nilikuja kuijua baadae, baada ya yote haya. Kila zahanati ingeibandika pale mlangoni kwa maandishi makubwa.

Mama mzazi,
Morogoro