Hogo likitoka, mkono bado haujapona

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama fundi cherehani, huu mwaka wa 19 nashona. Mwaka jana bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye changarawe, nikaangukia kiganja. Mfupa wa upande wa dole gumba ukavunjika, juu kidogo tu ya kifundo cha mkono wa kulia.

Sina ugomvi na walioniunga. Mfupa ulinyooshwa, nikafungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, baada ya wiki 6 likakatwa. Daktari akatazama eksirei, akasema mfupa umeshika vizuri, mama nenda nyumbani, mkono utazoea wenyewe. Nikashukuru, nikaondoka.

Mkono uliotoka mle ndani sikuutambua. Kigasha kimekonda, vidole vimevimba, ngozi ina magamba kama kenge. Nikikunja ngumi vidole vinaishia njiani. Mkasi ulinishinda. Hata kugeuza kiganja nipokee hela sikuweza. Mteja akanipa chenji, sarafu zote zikaishia sakafuni. Miezi 2 nikaishi kwa dawa za maumivu na jirani mmoja mkandaji, ambaye alinivuta vidole kwa mafuta ya nyonyo hadi machozi yakanitoka. Usiku ule mkono ulivimba kuliko siku nilipoanguka.

Aliyeniokoa ni mteja aliyekuja kuchukua sare za wanawe. Akaniambia nirudi hospitali ile ile, niulize chumba cha tiba kwa vitendo, tiba inayomrudishia mtu uwezo wa kufanya kazi zake za kila siku. Mimi nilijua tiba hiyo ni ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Kweli walikuwepo, tukakaa nao benchi moja.

Nilipokelewa na kijana ninayeweza kumzaa. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Tangu nivunjike nilikuwa nimeulizwa umri, namba ya simu na dini. Kazi, ndiyo mara ya kwanza. Akapima kila kiungo kinakunjika nyuzi ngapi, kwa kifaa kinachofanana na kile cha jometri shuleni. Akanipa chuma cha kubana, kinachopima nguvu ya mkono: wa kushoto kilo 24, wa kulia 6. Akatumbukiza kipande cha plastiki kwenye maji ya moto, kikalegea kama chapati, akakilaza juu ya mkono wangu na kukifinyanga. Kilipopoa kikawa splinti ya kuvaa usiku.

Mazoezi yake yalikuwa kazi za nyumbani tupu. Kukamua kitambaa kilicholowa, kukanda unga, kuokota maharage moja moja, kushika mwiko na kuupindua taratibu kulia na kushoto. Wiki ya tatu akaniagiza nije na mkasi wangu. Akauviringishia sponji kwenye vishikio ili vidole visihangaike kujikunja sana. Baada ya wiki 10 mkono wa kulia ulibana kilo 17, nami nikakata gauni zima peke yangu.

Ndiye aliyenieleza kwa nini vidole viligoma ilhali havikuvunjika. Uvimbe ukituama vidoleni na vidole visisogezwe, kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa, hunata na nyama za jirani, viungo vikakakamaa. Hogo langu liliishia kiganjani, vidole vilikuwa huru. Laiti ningeambiwa siku ile ninayofungwa niuinue mkono juu ya usawa wa moyo, nikunje na kukunjua vidole kila saa, nisisahau kiwiko na bega! Maneno hayo hayangojei bajeti ya wizara.

Kwa waliokatwa na panga ndiyo zaidi. Kano iliyoshonwa ikichelewa kusogezwa huganda, ikiharakishwa hukatika upya; hapo si pa mkandaji wala pa kubahatisha. Wapo pia mafundi wenzangu wanaoamka usiku na ganzi ya dole gumba, cha shahada na cha kati, wakasingizia jini. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni, na wengi hupata nafuu kwa splinti tu, inayonyoosha kifundo wakati wa kulala.

Ombi langu kwa waganga wafawidhi ni karatasi moja. Anayekatwa hogo la mkono akiwa bado hawezi kufunga ngumi, aandikiwe rufaa ya tiba kwa vitendo siku hiyo hiyo, kabla hajafika getini. Wataalamu wenyewe wanasomeshwa hapa hapa nchini, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo tusiambiwe ni mambo ya Ulaya. Na gazeti lako, Mhariri, likiandika habari za vyuma na vyumba vipya vya upasuaji wa mifupa, liulize pia mgonjwa anapelekwa wapi akishatoka mle.

Mimi chumba hicho kilikuwa mlango wa nne kutoka pale nilipokatwa hogo. Siku ile nilikipita nimejishika mkono, nikitafuta bodaboda ya kurudi nyumbani.

Mama fundi cherehani,
msomaji wako.