Klabu za huduma Dar es Salaam ziwaendee watu walikokwisha kukusanyika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie klabu za huduma kwa jamii zilizopo hapa Dar es Salaam, yaani zile za Rotary, za Lions na nyingine zinazofanana nazo, ambazo kila mwaka hutangaza kwamba zinatafuta wanachama wapya na kila mwaka hubaki na sura zilezile. Mimi ni mwanachama wa mojawapo ya klabu hizo, na jukumu langu ni kushughulikia uandikishaji wa wanachama. Naandika kwa nia ya kujenga, kwa sababu naamini kazi zinazofanywa na klabu hizi zinahitajika sana katika jiji letu, na naamini pia kwamba watu wa kuzifanya wapo tele, isipokuwa hatuwafuati mahali walipo.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa watu wengi hutuona katika picha za magazeti tukikabidhi mfano wa hundi au tukiwa tumesimama kando ya kisima kipya, wakadhani kuwa shughuli yetu ni kutoa fedha tu. Fedha ni sehemu ndogo ya shughuli hii. Chukua kambi ya uchunguzi wa macho, kazi ambayo Lions duniani kote wanajulikana nayo tangu mwaka 1925, pale Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, alipohutubia mkutano wao huko Cedar Point, Ohio, nchini Marekani, akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Mtoto wa jicho ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na upasuaji wake kwa kawaida hauzidi nusu saa. Mtu akisikia hivyo anaweza kufikiri kwamba akipatikana daktari na mfadhili, mambo yamekwisha.

Sasa tuingie katika darasa la shule ya msingi kule Mbagala siku ya kambi. Chati ya herufi E imebandikwa ukutani, mstari wa chaki umechorwa sakafuni umbali wa mita 6, na bibi mmoja amesimama nyuma ya mstari huo akiwa ameziba jicho moja kwa kiganja, anaonyesha kwa vidole vitatu upande ambao anadhani miguu ya herufi imeelekea. Muuguzi anammulika kwa tochi, anaona utando mweupe, anamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kwa tarehe fulani. Hapo ndipo kazi ya mwanachama inapoanza, kwa sababu bibi yule hana namba ya simu isipokuwa ya mjukuu wake, mjukuu yuko kazini Kariakoo hadi usiku, na swali la kwanza analouliza bibi ni nani atakwenda naye. Anahitaji mtu wa kumpitia nyumbani alfajiri, kukaa naye kwenye benchi, kurudi naye, kwenda naye tena siku ya pili bandeji inapotolewa, kisha kupita nyumbani kwake kwa wiki kadhaa kuhakikisha matone ya dawa yanatiwa kwa saa zake. Mzee mmoja anahitaji mtu mmoja. Tunapokuwa na orodha ya wazee wengi na wasindikizaji wachache, baadhi ya wazee hawafiki hospitali, na fedha zilizochangwa kwa ajili yao hubaki bila kumsaidia mtu. Nimeona hali hiyo zaidi ya mara moja, na inaumiza.

Ndivyo ilivyo pia katika uchangiaji wa damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa wa selimundu (siko seli), na wodi za wazazi, majeruhi wa ajali za barabarani na wagonjwa wa saratani wote hutegemea damu ambayo haitengenezwi kiwandani. Damu nzima iliyohifadhiwa katika jokofu hudumu siku 35 tu, na chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache. Kwa hiyo siku moja ya kuchangia, yenye fulana, muziki na mgeni rasmi, haiwezi kuiokoa benki ya damu kwa mwaka mzima. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, lakini anayechangia mara ya kwanza mara nyingi harudi asipokumbushwa. Lazima awepo mtu mwenye daftari la wachangiaji, anayepiga simu miezi hiyo inapotimia, anayejua kwamba huyu ni dereva wa daladala anayepumzika Jumatano na yule ni mwalimu anayepatikana wakati wa likizo. Kazi ya daftari haina picha ya kupeleka gazetini, na pengine ndiyo maana ina watu wachache.

Kuhusu polio nitasema kwa ufupi. Rotary ilianza kampeni yake ya dunia nzima mwaka 1985. Mwaka 1988 wagonjwa walikadiriwa kufika 350,000 katika nchi 125. Na Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru dhidi ya kirusi cha asili cha polio. Februari 2022 Malawi ikatangaza mgonjwa mmoja, na mwaka huohuo wachanjaji wakaanza kupita nyumba kwa nyumba katika mikoa yetu ya mpakani, kisha nchi nzima. Wachanjaji wale walifunguliwa milango kwa urahisi zaidi pale walipoongozana na mtu wa mtaa anayefahamika.

Ndugu Mhariri, baada ya kueleza aina ya watu wanaohitajika, naomba nieleze namna tunavyowatafuta. Mwaka wa klabu hizi huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, na uongozi hubadilika kila mwaka. Ifikapo Mei, kiongozi anayemaliza muda wake huona kwamba hajafikia lengo la wanachama, basi kila mmoja wetu huombwa alete rafiki. Tunaleta wafanyakazi wenzetu, mashemeji na wateja wetu. Wanavishwa beji, wanapigiwa makofi, wanapigwa picha, kisha hakuna anayewapa kazi yoyote. Wanakuja kwenye mikutano ya hotelini mchana wa siku ya kazi, wanalipia chakula kwa bei ambayo kwa familia nyingi ni matumizi ya siku nzima, wanasikiliza mada kwa Kiingereza, na kabla ya Krismasi wengi wameshaacha kupokea simu za katibu. Tunasema watu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Maneno hayo si ya haki. Mtu aliyejiunga akitaka kutumika, akaambiwa akae asikilize, hajakosa moyo; sisi ndio tuliokosa kumpokea.

Tena mtindo huu wa hoteli haukuwepo mwanzo. Klabu ya kwanza ya Rotary, iliyoanza Chicago tarehe 23 Februari 1905, ilianzishwa na watu wanne: Paul Harris aliyekuwa wakili, Gustavus Loehr aliyekuwa mhandisi wa migodi, Silvester Schiele aliyekuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey aliyekuwa fundi cherehani. Walikutana kwa zamu katika sehemu zao za kazi. Mwanzoni walitafuta mtu mmoja kutoka kila kazi, ili mezani pawe na ufundi na maarifa ya kila namna. Fundi cherehani alikuwa mwasisi huko Chicago, lakini hapa kwetu mafundi cherehani wa Kariakoo, wanaofahamiana na mamia ya wateja na wenye akili ya biashara isiyo na shaka, hatujawahi kuwafikiria kama wanachama. Wala hatujamfikiria mama lishe wa Buguruni, wala mwenyekiti wa kituo cha bodaboda pale Tandika, ambaye usiku wa manane ndiye anayepigiwa simu mjamzito anaposhikwa na uchungu.

Jiji hili lilikuwa na watu 5,383,728 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, na ni nadra kumkuta mtu mzima asiye na kikundi. Kuna VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kuna vikundi vya kufa na kuzikana, kuna kamati za misikiti na jumuiya ndogondogo za makanisa, kuna wanaocheza upatu. Kuna vikundi vya jogging vya Temeke na Mbagala, ambavyo alfajiri ya Jumapili hupita barabarani kwa sare na nyimbo, hualikana katika mabonanza, huchangiana mwenzao akifiwa au akiuguliwa, na mara kwa mara huenda kufanya usafi katika zahanati au kuchangia damu bila kuombwa na mtu yeyote. Nidhamu yao ya kuamka na kufika kwa wakati sisi wenye beji hatuna. Inashangaza kwamba tunatafuta wanachama mmoja mmoja ofisini kana kwamba tunaokota dagaa kwa sindano, wakati watu wenye desturi ya kukutana, kuchanga na kushika zamu wameshajikusanya wenyewe.

Historia ya mji huu inatufundisha njia nyingine. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakubandika tangazo akasubiri. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, na aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, akazungumza nao kwa heshima ya kikundi chao, nao wakaja pamoja na wenzao. Katika muda mfupi wanawake waliojiandikisha walihesabika kwa maelfu. Sisemi kwamba klabu ya huduma ni chama cha siasa, wala haitakiwi kuwa hivyo. Ninachosema ni kwamba katika mji huu mtu huingia kwenye jambo jipya akiwa na watu wake, na anayetaka kumwita mmoja hana budi kuwaita wote.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba ada ya klabu, ambayo sehemu yake hupelekwa makao makuu ya kimataifa na hukokotolewa kwa dola, haiwezi kulipwa na mwana VICOBA. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Lakini mwana VICOBA huweka hisa kila wiki kwa miaka bila kukosa. Kinachomshinda ni kulipa kwa mkupuo. Ada ikigawanywa kwa mwezi, ikalipwa kwa simu, na gharama ya chakula cha hotelini ikaondolewa kabisa, jumla yake itakuwa imepungua sana. Wengine watasema kwamba hadhi ya klabu itashuka. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Hofu kama hiyo ilikuwepo pia kuhusu wanawake, hadi Lions walipofungua mlango mwaka 1987 na Rotary mwaka 1989, na leo katika klabu yetu sijui kazi gani ingesonga bila wao.

Kwa vijana hali ni nafuu kidogo. Klabu za Rotary za Interact kwa wanafunzi wa sekondari zipo tangu mwaka 1962 na zile za Rotaract kwa vijana zipo tangu mwaka 1968, na kuanzia mwaka 2020 ukomo wa umri wa miaka 30 katika Rotaract umeondolewa. Tatizo letu ni kwamba kijana akishamaliza chuo pale Mlimani au Mabibo tunampoteza, kwa kuwa hakuna mtu aliyeandika namba yake wala kuuliza amehamia mtaa gani.

Yote ninayoyapendekeza hayahitaji ruhusa mpya. Tangu mwaka 2016 kanuni za Rotary zinaziruhusu klabu kujipangia siku, mahali na namna ya kukutana, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Nawaomba basi viongozi watakaoshika madaraka tarehe 1 Julai waamue kwamba mmoja kati ya mikutano hiyo miwili utafanyika Jumamosi, kwa Kiswahili, katika ofisi ya serikali ya mtaa au kwenye uwanja wa kikundi cha jogging kilichotualika. Na kila mwanachama mpya apewe, siku ileile anayoapishwa, jina la mzee mmoja wa kumsindikiza hospitali au kurasa mbili za daftari la wachangia damu. Nawaomba pia wenyeviti wa mitaa na viongozi wa vikundi nilivyovitaja wasisubiri barua yetu. Wenye wazee wasioona vizuri katika mitaa yao waandike majina yao pamoja na namba ya ndugu mmoja wa karibu, ili kambi ya macho ijayo itakapotangazwa orodha iwe tayari na wasindikizaji wawe wamejulikana.

Wako katika ujenzi wa jamii,

Mwanachama wa klabu ya huduma,
Temeke, Dar es Salaam