Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Muhogo, Sianidi na Karatasi ya Njano

Wanachama wapendwa, mama na baba zetu, walimu wetu, na ninyi vijana wa maabara,

Hesabu za fedha mtasomewa na mtunza hazina. Mimi nataka kuzungumzia muhogo mchungu, kwa sababu ndio uliokula mwaka wetu.

Muhogo huo una linamarini, kemikali inayobeba sumu ya sianidi ndani yake. Ukikatwa au kulowekwa, kimeng'enya chake wenyewe huivunja linamarini na sianidi ikatoka. Siku 3 au 4 majini huondoa sehemu kubwa. Lakini watu wakikimbia vita, au mnunuzi akisubiri barabarani na magunia yake, siku hizo hupunguzwa. Anayekula bugali wa namna hiyo kila siku, bila maharagwe wala samaki, hukosa asidi amino zenye salfa ambazo mwili huzihitaji ili kuiondolea sianidi ukali. Miguu inaweza kupooza ghafla, ya watoto na ya akina mama zaidi. Ugonjwa huo ndio konzo, ulioandikwa na daktari Trolli huko Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, mwaka 1938. Hauna dawa ya kuuponya, unazuilika tu.

Ziara yetu ya kwanza vijijini haikufaa, na kosa ni langu. Nilibeba ubao na fomula. Akina mama walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akauliza: «Bunga yangu miye, iko muzuri ao iko mubaya?» Sikuwa na jibu.

Ziara ya pili tulibeba vichupa na karatasi za pikrati, zinazobadilika rangi zikikutana na sianidi, mbinu iliyotengenezwa na kundi la Howard Bradbury huko Canberra, Australia. Unga kidogo, maji, karatasi ya njano, kifuniko, kisha kulala. Asubuhi karatasi nyingine zilibaki njano, nyingine zilikuwa za kahawia, dalili ya sianidi nyingi, na kila mama alikitambua kichupa chake. Hapo mazungumzo yakaanza kweli: nani aliloweka siku ngapi, na kwa nini. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Vijana wetu nawashukuru pia kwa kuitunza asidi ya pikriki, inayotengenezea karatasi hizo, ikiwa na unyevu muda wote, maana ikikauka inaweza kulipuka.

Kundi hilohilo la Canberra lilifundisha kuulowesha unga na kuutandaza mwembamba, saa 2 juani au saa 5 kivulini, kabla ya kuusonga. Njia hiyo ilijaribiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, hukohuko Kwango, na wagonjwa wapya hawakuonekana. Ila Bukavu, mji wetu, iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua haituachi. Je, saa 5 za kivuli chetu chenye baridi zinatosha? Swali hili ndilo lililowakutanisha wanakemia na wenzetu wa kilimo na afya katika vyuo vya mji huu, na halijamalizika. Wanaotaka tuitangaze njia hiyo sasa hivi nawaelewa, lakini sitasaini ushauri ambao hatujaupima hapa kwetu.

Sisi wa mjini tunanunua unga katika soko la Kadutu bila kujua ulilowekwa siku ngapi. Kwa hiyo naomba kila mwanachama atakayeshuka Uvira au bonde la Ruzizi alete kopo la unga, lifungwe vizuri, liandikwe kijiji na idadi ya siku za kuloweka. Jina la mama aliyeutoa lisiandikwe, ila majibu arudishiwe yeye kwanza.