Mdogo wangu, cheti chako kiko wapi?

Mdogo wangu,

Najua bado umenuna. Simu zangu hupokei, salamu unazirudisha kupitia kwa mama. Basi nakuandikia hapa, ambapo huwezi kunikata kauli.

Siku ile sebuleni kwa mama siisahau. Shangazi kashika bahasha ya wifi, vipimo vya kutafuta kwa nini hashiki mimba vinapita mkono kwa mkono: homoni, ultrasaundi, eksirei ya mirija ya uzazi. Wifi kainamisha kichwa. Wewe mumewe unachezea simu. Nikauliza cheti chako cha kupimwa mbegu kiko wapi, ukainuka ukatoka. Mpaka leo unasema nilikudhalilisha. Aliyedhalilishwa siku ile alibaki kwenye kochi, na hukumtetea hata kwa neno moja.

Miezi yote aliyomeza vidonge vya letrozoli, siku tano kila mzunguko, ili yai lipevuke, hakuna aliyejua kama kuna mbegu za kulirutubisha. Kwenye karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume umo, peke yake au pamoja na wa mke. Daktari aliyempa dawa bila kukuita alikosea, nawe ulifurahi kutoitwa.

Na kipimo chako ndicho chepesi. Wifi alipitishiwa dawa kwenye mlango wa kizazi ili mirija ionekane, na inauma ile. Wewe unakaa siku mbili hadi saba bila kutoa shahawa, kisha unatoa kwenye kikopo cha maabara. Usimwage hata tone. Mbegu nyingi zimo kwenye matone ya mwanzo. Usitumie mafuta, mate wala kondomu ya kawaida, vinaharibu mbegu. Ukitolea nyumbani, kikopo kikae karibu na mwili kisipoe, kifike ndani ya saa moja. Kikichelewa mbegu hulegea, na utaandikiwa ugonjwa usio nao.

Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2021 ni hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazojongea asilimia 42. Ukiwa chini ya hapo usikate tamaa, rudia. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya juzi inaweza kuonekana kwenye cheti cha leo.

Halafu zile sindano zako za testosteroni, homoni ya kiume, za kujaza misuli. Mwambie daktari, usifiche. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kukauka kabisa. Kwa wengi hurudi baada ya kuacha, ila huchukua miezi.

Mbegu zikiwa pungufu kidogo, na mirija ya wifi iko wazi, huoshwa maabara na kuingizwa kwenye mfuko wa uzazi kwa mrija mwembamba yai linapokaribia kutoka. Zikiwa chache mno, mbegu moja hudungwa ndani ya yai nje ya mwili. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa 1992. Hata shahawa isiyo na mbegu kabisa si mwisho, wakati mwingine hupatikana kwenye korodani kwa upasuaji mdogo. Lakini elewa: hata tatizo likiwa lako, atakayedungwa homoni siku kumi au zaidi, kisha mayai yavunwe kwa sindano kupitia ukeni, ni wifi. Wewe unaogopa kikopo.

Utasema nampenda wifi kuliko damu yangu. Nimekulea mgongoni, mdogo wangu, siwezi kukuchukia. Ila wifi ana miaka 37. Kwa umri huo miezi sita bila mimba inatosha kuanza kuwapima wote wawili, na kila mwaka unaopita unapunguza mayai na ubora wake. Sindano wala upasuaji haurudishi hilo.

Piga simu maabara wiki hii. Kisha mwambie wifi umeshapanga siku, kabla hujanipigia mimi kunigombeza.

Dada yako