Msinipime kwa ndevu

Mhariri,

Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa Januari 1, 1956. Hiyo ni hesabu ya karani. Alinitazama ndevu, akaandika. Marehemu mama alikuwa akisema alinizaa mwaka wa mafuriko makubwa, yaani 1961, kwa hiyo nilizidishiwa miaka mitano bila kuulizwa. Hilo nililimeza.

Lililonikaba ni la mwaka jana. Nyayo zilikuwa zikifa ganzi, na usiku zinawaka kama nimekanyaga makaa. Nikaenda zahanati moja. Muuguzi hakunivua hata kandambili. "Ni uzee tu, baba," akanipa vidonge vya maumivu. Mwezi haukuisha, alasiri moja natia udhu, maji yakageuka mekundu. Msumari ulikuwa umezama kisiginoni tangu sijui saa ngapi, nami nimeshinda nao kazini.

Kwingine nilikopelekwa, sukari ilisoma 17 kabla sijatia kitu kinywani, presha 178 kwa 102; zote juu mno.

Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini. Jahazi hatulipimi kwa mwaka liliposhushwa majini. Unalipweleza, likae mchangani maji yakikupwa, unagonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo, unasikiliza. Liko la miaka 40 linalolia kama ngoma, na liko la miaka minane limekuwa chujio kwa sababu mwenyewe aliona shahamu, mafuta ya kupaka mbao, ni gharama.

Mjukuu wangu anayesomea uuguzi anasema wataalamu nao wamefika hapo hapo. Mwaka 2013 Steve Horvath, wa chuo kikuu kimoja huko California, alitoa kipimo kinachosoma alama 353 kwenye DNA, yaani vinasaba, na kukadiria umri wa mwili wenyewe, si wa cheti. Wenye sukari na presha, anasema, mara nyingi huonekana wameitangulia miaka yao. Sukari ikizidi hunata kwenye kuta za mishipa zikakakamaa, nayo presha inazigonga mchana na usiku. Figo, macho na neva za miguu ndizo zinazolipa.

Kipimo hicho cha DNA sikidai, hata nauli ya boti hadi Mokowe, ng'ambo bara, naihesabu. Nadai vya bei ndogo: mkanda wa presha, tone la damu kidoleni, mkojo uangaliwe kama figo zinapitisha protini, na mtu ainame atazame nyayo za mgonjwa. Likishaandikwa "uzee" kwenye daftari, anayekuja baada yake hatafuti tena. Na wazee wenzangu nao wana makosa: tukiambiwa ni uzee tunaitikia "alhamdulillahi" na kurudi barazani.

Kaimati na shira yake sijaziacha zote, sitakudanganya. Ila kila usiku mjukuu huniwekea kioo sakafuni nikajitazama chini ya nyayo, na juzi tumeliwahi lengelenge kabla halijapasuka.

Fundi wa vyombo,
Matondoni, Lamu