Harufu ya uvundo haiondoki kwa manukato

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni, na kwa sehemu moja masahihisho, kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wenu wa nyumba na familia juu ya kuondoa harufu ya uvundo ndani ya nyumba. Mwandishi alieleza kwa ufasaha namna ya kupulizia manukato vyumbani, kuning'iniza vifuko vya maua makavu kabatini na kufukiza mapazia, kisha akamshauri msomaji mwenye ukuta uliofanya ukungu achanganye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo pamoja na siki, kwa hoja kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja.

Nianze na ushauri huo wa mwisho, kwa kuwa hauwezi kungoja. Dawa ya klorini ikikutana na siki, au na asidi nyingine yoyote ikiwamo ile ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, na ndiyo gesi iliyotumiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1915. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine za hatari za jamii ya kloramini. Mtu anayesugua ukuta wa bafu dogo huku mlango umefungwa hana hata mahali pa kukimbilia hewa. Naomba masahihisho ya jambo hili yachapishwe kwa herufi zinazoonekana, wala yasifichwe kwa mstari mmoja chini ya matangazo.

Tuweke kando hatari hiyo, bado kuna swali kama klorini inafaa kwa kazi yenyewe. Juu ya vigae na kioo inafaa, lakini katika mbao, lipu na vitu vingine vyenye vinyweleo huishia juu juu. Rangi ya ukungu hupauka, jicho likaridhika, na maji yaliyokuwamo katika dawa hiyo yakazama ndani na kuinywesha kuvu iliyobaki chini. Baada ya majuma machache doa linarudi palepale, na mwenye nyumba analaumu dawa kwamba ilichakachuliwa.

Kosa la msingi la makala ile, kwa maoni yangu, ni kuichukulia harufu kana kwamba ni uchafu ulioning'inia hewani, ambao ukipuliziwa kitu kizuri zaidi utashindwa. Uvundo ni kitu kinachotolewa na viumbe hai, yaani kuvu na bakteria, vinapokula. Chakula chao ni vitu vya kawaida kabisa: karatasi, mbao, gundi, ngozi ya viatu, pamba, hata vumbi lililotuama nyuma ya kabati. Wakati wa kula hutoa kemikali nyepesi zinazoruka hewani, na mojawapo, geosmini, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, pua ya binadamu huweza kuitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Ni harufu hiyo hiyo ya udongo tunayoipenda mvua ya kwanza inapogusa ardhi kavu. Huko nje inatufurahisha, lakini ikitoka katika shuka iliyokunjwa tunakunja pua, na nadhani pua iko sahihi mara zote mbili, kwa kuwa katika kila hali inatuambia kwamba hapa pamelowa.

Vijimbegu vya kuvu vimo katika hewa ya kila nyumba, hata ile inayofagiliwa mara mbili kwa siku, na hakuna awezaye kuvimaliza. Chakula chao nacho ndicho nyumba yenyewe. Kinachobaki mikononi mwetu ni maji. Wataalamu wa hewa ya majumbani hushauri unyevu wa hewa ndani ya nyumba usizidi asilimia 60, na ikiwezekana ukae kati ya asilimia 30 na 50, na kwamba kitu chochote kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 kabla kuvu haijapata nafasi ya kuota. Kipimaunyevu kidogo cha kuweka mezani kinatosha kumwonyesha mtu hali ya chumba chake, na mara nyingi chumba cha kulala asubuhi, baada ya watu wawili kupumua humo usiku kucha huku madirisha yamefungwa, husoma namba ya juu kuliko mwenyewe alivyotarajia.

Nayasema haya kwa sababu nimeyapitia. Kwa muda wa karibu mwaka mzima kabati langu la nguo lilitoa uvundo, nami nilifanya yote yaliyoandikwa katika makala yenu isipokuwa kuchanganya zile dawa. Nililifuta kwa siki, nikaweka soda ya kuokea katika bakuli, nikanunua vifuko vya manukato, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kila mara harufu ilipungua kwa siku nne au tano kisha ikarudi, na nguo zikawa na harufu mbili badala ya moja. Siku nilipolisogeza kabati ili kutafuta kitu kilichoangukia nyuma yake, nilikuta ubao wa mgongo umevimba na kuota koga ya kijani na nyeusi kwa umbo la mkono uliokunjuliwa vidole. Upande wa pili wa ukuta ule ni bafu. Kiungo cha bomba ndani ya ukuta kilikuwa kikivuja polepole kiasi kwamba hakuna aliyesikia wala kuona tone. Fundi bomba alimaliza kazi kabla ya mchana, na ukuta ukachukua majuma kadhaa kukauka. Tangu hapo sijahitaji manukato. Aibu yangu ni kwamba wageni walikuwa wameisikia harufu ile muda mrefu wakanistahi, ilhali mimi nilikuwa nimekwisha kuizoea.

Jambo hilo la mazoea lingestahili kutajwa katika makala ile. Pua huacha kuripoti harufu isiyobadilika baada ya dakika chache tu, hivyo mwenye nyumba ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Anayetaka kujua ukweli atoke nje kwa saa kadhaa, na akirudi asimame mlangoni na kunusa kabla ya kufanya jambo lingine. Kisha atembee polepole chumba hadi chumba, ainame hadi usawa wa sakafu, afungue makabati, anuse chini ya sinki na nyuma ya mapazia. Uvundo hukolea karibu na chanzo chake. Akisikia harufu ya maji machafu karibu na tundu la bafu lisilotumika, hilo ni jambo lingine, na tiba yake ni rahisi mno: maji yaliyokaa katika kona ya bomba kuzuia hewa ya mtaro yamekauka, na ndoo moja ya maji itayarudisha.

Penye ukuta wenye majimaji, swali linalowasumbua wengi ni kama maji yanatoka ndani ya ukuta au yanatoka hewani. Lipo jaribio lisilohitaji fundi. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni angavu na uzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi, ukiache kwa siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani, nawe utafute bomba linalovuja, mfereji wa paa uliotoboka, au udongo uliorundikwa nje dhidi ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji juu ya ukuta wenye baridi. Nimeona watu wakipaka rangi mpya juu ya ukuta wa aina ya kwanza, rangi ikajaa malengelenge kabla hata ya kuzoeleka machoni.

Mvuke wa hewa ndio unaowadanganya watu zaidi, kwa kuwa hauna tundu la kuonyesha. Hewa ya nyuzijoto 25 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji inapogusa kitu chenye nyuzijoto 19 hivi. Ukuta wa nje usiku, kona isiyopitiwa na hewa, au mgongo wa kabati lililogandamizwa ukutani vinaweza kufikia hapo bila mtu kuhisi baridi yoyote, na kuvu haingojei hata matone yaonekane, kwani unyevu ukizidi asilimia 80 hivi juu ya ukuta wenyewe inaweza kuanza kuota. Ndiyo maana uvundo hupenda nyuma ya samani. Sentimita tano hadi kumi kati ya samani na ukuta hufanya kazi ambayo hakuna kifuko cha manukato kitakachoifanya. Halafu tuulizane mvuke huo tunautoa wapi: sufuria zinazochemka bila kifuniko, maji ya moto ya kuogea, na nguo zinazoanikwa ndani, ambazo mzigo mmoja wa mashine unaweza kutoa lita mbili za maji zikaishia kwenye kuta. Kufungua madirisha mawili yanayokabiliana kwa robo saa huondoa sehemu kubwa ya mvuke huo, mradi hewa ya nje iwe kavu kuliko ya ndani. Siku ambayo nje kuna mvua na joto la kunata, kufungua madirisha ni kukaribisha maji zaidi, na hapo kiyoyozi au mashine ya kukausha hewa ina manufaa, ilimradi sinia lake la maji lisafishwe, la sivyo litakuwa chanzo kipya.

Kuhusu nguo na taulo, makala yenu ilishauri kuongeza sabuni yenye harufu kali. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba harufu ya kuchacha ya nguo zilizokauka polepole hutokana kwa kiasi kikubwa na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayeweza kubaki hai katika kitambaa hata baada ya kufuliwa na kukauka. Taulo linaloweza kustahimili lifuliwe kwa maji ya nyuzijoto 60, lisiachwe ndani ya mashine baada ya kufuliwa, na likaushwe haraka. Mpira wa mlango wa mashine ya kufulia nao ufunuliwe na kufutwa, maana mikunjo yake huhifadhi utelezi unaorudisha harufu katika kila fuo. Sabuni ikizidi, masalio yake huwa chakula.

Sisemi kwamba vitu vya kunyonya harufu havina kazi. Soda ya kuokea hupunguza harufu zenye asidi, mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kunyonya hunasa kemikali nyingi kuliko mkaa wa kawaida wa jikoni, na jua kali hukausha godoro na vitabu kwa namna isiyo na mbadala, ingawa vitabu visiachwe humo muda mrefu kwa sababu karatasi hupauka. Vyote hivi hufaa kumalizia harufu iliyobaki baada ya maji kukatwa. Vikitangulizwa, vinanunua siku chache tu. Manukato ya limau na msonobari yana kasoro ya ziada: kemikali zake zikikutana na gesi ya ozoni iliyomo hewani huzalisha formaldehaidi, gesi yenye sumu, kitu ambacho hakuna mtu angekipulizia chumbani kwa makusudi. Mashine za kutoa ozoni zinazouzwa kwa ajili ya uvundo ndizo ninazozihofia zaidi, kwani kiwango salama kwa mapafu hakitoshi kuiathiri kuvu, na kinachotosha kuiathiri si salama kwa mapafu.

Doa la ukungu lisilozidi takriban mita moja ya mraba mtu anaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, akiwa amevaa glavu na barakoa, na akililowesha kwanza ili vijimbegu visipeperuke. Likizidi hapo, au likiwa limeingia ndani ya dari, aitwe mwenye ujuzi. Zulia na magodoro yaliyolowa siku nyingi, ingawa inauma, mara nyingi hayaokoleki.

Wapo watakaosema nimelikuza jambo dogo la harufu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu wako katika hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kupata maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Mpangaji anayemwambia mwenye nyumba kwamba chumba kinanuka uvundo analeta malalamiko ya afya, na kujibiwa kwamba anunue manukato ni kumfukuza kwa adabu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba masahihisho kuhusu klorini na siki yatoke katika toleo lijalo, na kwamba mwandishi wa ukurasa huo, ambaye kwa mengine namheshimu, siku atakapoirudia mada hii aanze kwa kumuuliza msomaji maji yanatoka wapi. Wapo wasomaji, nami nikiwamo, wanaokata kurasa hizo na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Ile ya safari hii nimeibandua.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi