Makato ya ZSSF yanaishia wapi?

Ndugu mhariri, asalam alaykum. Sie tunaofanya kazi mahotelini huku Nungwi tunakatwa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) kila mwezi, kwenye silipu imeandikwa kabisa, lakini mwenzetu mmoja kaenda kuangalia michango yake kakuta miezi ya masika yote patupu, na hoteli ilikuwa wazi na yeye yuko kazini! Sasa pensheni inahesabiwa kwa miezi iliyolipiwa, si miezi uliyotoka jasho, atafika lini huyu? Mfuko wenyewe upo tangu 1998, sheria zipo. Ile Pensheni Jamii, ya serikali kwa wazee wa Zanzibar, iliyoanza 2016 inataka ufike miaka 70 (wallahi jambo zuri) ila mgongo wa kubeba mabegi ya wageni haungojei. Tunaomba wakaguzi waje, tena bila kupiga simu kwanza.

Mfanyakazi, Nungwi